Uvuvi wa besi ziwani wakati wa vuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vuli inayozungumzwa hapa ni ile ya nchi za baridi, majani yanapopukutika na maji ya ziwa yakipoa wiki hadi wiki. Ni majira ambayo besi, samaki mwindaji wa maji yasiyo na chumvi, hula kwa pupa, na ni majira hayo hayo ambayo wavuvi wengi hurudi mikono mitupu, kwa kuwa samaki waliyemzoea kiangazi kizima amehama. Karibu kila jibu lililomo humu lina mzizi mmoja: besi humfuata dagaa, dagaa hufuata maji, na mtu anayechagua chambo kabla hajasoma maji ameanzia mwisho.

Kipindi hiki cha mpito huanza lini?

Uliza kipimajoto, usiulize kalenda. Katikati ya kiangazi maji ya juu ya maziwa mengi yenye besi hufika nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi. Usiku unaporefuka, baridi ya alfajiri hupoza uso wa maji, na jua la mchana halitoshi tena kurudisha joto lote lililopotea. Maji yakishuka chini ya nyuzi 24 na yakaendelea kushuka, mpito umeanza. Kati ya nyuzi 21 na 15 ndiko kwenye utamu wenyewe. Kati ya 15 na 10 samaki bado wanakula vizuri, ila wameanza kuegemea kwenye kina. Chini ya 10 hiyo tayari ni tabia ya majira ya baridi.

Usidanganyike na asubuhi moja ya baridi. Ziwa ni kubwa na halipoi kwa usiku mmoja. Linalohesabika ni mwelekeo wa wiki nzima. Pima saa zile zile kila mara, maana uso wa maji saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri unaweza kupishana nyuzi mbili au tatu siku hiyo hiyo.

Asili ya samaki huyu ni Amerika ya Kaskazini. Kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Kanada mambo huanza kubadilika Septemba. Majimbo ya kusini mwa Marekani huweza kusubiri hadi Oktoba au zaidi. Afrika Kusini, ambako besi wa mdomo mkubwa walipandikizwa mwaka 1928, vuli huangukia Machi hadi Mei. Kwenye maziwa yaliyo karibu na ikweta hakuna vuli ya namna hii, ingawa habari za upepo, dagaa na magugu zinafaa huko pia.

Kwa nini besi anahama, wakati kiangazi alikuwa anapatikana pale pale kila siku?

Kwa sababu kilichokuwa kinamfunga pale kimeondoka. Kiangazi, ziwa lenye kina hugawanyika matabaka. Juu kuna maji ya vuguvugu, mepesi, yenye hewa. Chini kuna maji baridi na mazito ambayo hayajakutana na hewa tangu majira ya kuchipua. Katikati yake pana utepe mwembamba ambamo joto hushuka kwa ghafla ndani ya mita chache tu. Chini ya utepe huo, hasa kwenye ziwa lenye rutuba nyingi, bakteria wanaoozesha mabaki hutumia oksijeni mpaka inakaribia kwisha. Kwa hiyo hata besi tunayemwita wa kilindini huwa na sakafu asiyoweza kuivuka kiangazi.

Vuli huivunja sakafu hiyo. Tena maji yanapopoa hubeba hewa nyingi zaidi: yakiwa nyuzi 25 yanaweza kushika takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na yakiwa nyuzi 10 yanashika kama 11. Ghafla samaki ana ziwa zima la kuchagua. Wakati huo huo dagaa waliozaliwa mwaka huo wamenenepa na wanatembea kwa makundi makubwa. Besi anawafuata. Ukimkuta rasini leo, usijenge kibanda hapo. Kesho huenda yuko ndani ya hori, yaani mkono mwembamba wa ziwa unaoingia nchi kavu, kilomita mbili kutoka ulipomwacha.

Watu wanasema maji “yamepinduka”. Maana yake nini?

Ni pale matabaka yale yanapochanganyika. Maji yanavyopoa ndivyo yanavyozidi kuwa mazito, na uzito huo hufika kilele yakiwa karibu nyuzi 4. Uso wa ziwa ukipoa kila usiku, maji yale yaliyopoa huzama, na ya chini yake huja juu kupozwa nayo. Tabaka la juu linazidi kuwa nene na baridi mpaka tofauti kati yake na la chini inakaribia kutoweka. Hapo upepo mkali wa siku moja au mbili unatosha kuusukuma mchanganyiko mpaka chini. Maji ya kilindini, yaliyokaa miezi bila hewa, yanapanda juu pamoja na uchafu wake na gesi zake.

Kwenye maziwa mengi jambo hili hutokea uso wa maji ukiwa mahali fulani kati ya nyuzi 15 na 10. Halitokei kwa mshindo mmoja ziwa zima. Sehemu moja inaweza kuwa imekwisha kupinduka na nyingine bado, na shughuli yote ikachukua siku kadhaa hadi wiki mbili hivi.

Nitajuaje kama ziwa langu ndilo linapinduka sasa?

Tumia macho na pua kwanza. Maji yaliyokuwa safi yanageuka rangi ya kahawia au kijani kilichofifia bila mvua kunyesha. Vipande vya majani yaliyooza na uchafu wa chini vinaelea katikati ya ziwa, mbali na ufuko, na nyuma ya mashua povu linachelewa kupasuka. Kuna harufu ya yai viza, ambayo ni gesi ya salfa kutoka kwenye matope ya chini. Halafu vuta chambo chako ukitazame kwa karibu: kikirudi na utando mwembamba wa rangi ya kutu kwenye mshipi na kwenye ndoana, huku hujagusa chini kabisa, basi uchafu huo unaelea katikati ya maji.

Mwenye sona, yaani mtambo wa mawimbi ya sauti unaoonyesha kilichopo chini ya maji, ataona jambo jingine. Ule mstari hafifu uliokuwa ukionekana kiangazi kizima kwenye kina kimoja umekatika au umepotea.

Basi nikae nyumbani mpaka yatulie?

Hapana, ila ondoka kwenye eneo lililopinduka. Hili ndilo kosa linalogharimu watu siku nyingi: wanang’ang’ania sehemu ya chini ya ziwa karibu na ukuta wa bwawa, penye kina kirefu, wakati maji ya pale ndiyo yaliyovurugika kuliko yote.

Nenda juu ya ziwa, kule mto unakoingilia. Pale maji yanatembea na kina ni kifupi, kwa hiyo matabaka hayakuwahi kujengeka sawasawa na hakuna cha kupinduka. Ingia ndani kabisa ya hori ambako kina hakizidi mita tatu au nne. Jaribu upande unaopigwa na upepo, maana mawimbi yanaingiza hewa. Palipo na kijito kinachotiririsha maji masafi, kaa hapo kwa muda wa kutosha kabla ya kuamua. Samaki waliokwama katikati ya maji mabovu mara nyingi hupanda juu na kuwa wavivu. Wale walioko kwenye maji mazima wanaendelea kula kama kawaida.

Maji yakishatulia, sehemu ile ile ya kina iliyokuwa mbaya huwa nzuri, kwa sababu sasa ina hewa mpaka chini.

Je, kila ziwa hupinduka?

La. Ziwa la kina kifupi lililo wazi kwa upepo huchanganyika mara kwa mara mwaka mzima. Mabwawa ya mto yenye mkondo wa kudumu nayo hayatengenezi matabaka imara. Ukivua mahali kama hapo, acha kuhangaika na swali hili na ushughulikie dagaa na magugu.

Nikifika ziwani asubuhi, nianzie wapi?

Kwenye bwawa lenye dagaa wa aina ya shedi, anzia kwenye hori. Shedi hula vijimea na vijidudu vinavyoelea, na maji yanapopoa makundi yao huacha maji makuu na kuingia kwenye matawi ya ziwa, kidogo kidogo, mpaka yanafika mwisho wa hori. Besi wanakuwa nyuma yao na pembeni yao.

Namna ya kuwatafuta ni hii. Chagua hori moja ndefu, si tano. Simama mdomoni mwake kwanza, kwenye rasi mbili za mlango, na urushe pale kwa muda mfupi. Kisha ingia ndani ukifuata mfereji wa zamani wa kijito, yaani ile njia ya kina iliyobaki chini baada ya bonde kujaa maji. Kila unapokuta mfereji umekaribia ukingo, gogo limeanguka, au mawe yamebadilika kuwa changarawe, rusha. Usisimame penye utulivu usio na dalili ya uhai hata kama pametamanisha kwa sura. Mwanzoni mwa vuli utawakuta theluthi ya kwanza ya hori. Maji yakiwa nyuzi 18 au 17 huenda wako katikati au mwisho kabisa, kwenye maji ya kufika magotini. Baadaye, baridi ikizidi, dagaa hurudi nyuma kuelekea kina, na besi hurudi nao kwa njia ile ile.

Dalili za dagaa ni nyingi na hazihitaji mtambo. Uso wa maji unatetemeka vijiduara vidogo vidogo kama mvua inadondoka mahali pamoja tu. Ndege mvuvi amekaa juu ya gogo moja asubuhi nzima hataki kuondoka. Mara kundi la dagaa linaruka nje ya maji kwa pamoja, likielekea upande mmoja. Samaki aliyewatimua yuko upande wa pili. Ukikaa nusu saa ndani ya hori bila kuona hata kimoja kati ya hivi, toka, nenda nyingine.

Na ukivua besi, mtazame kooni kabla ya kumwachia. Mara nyingi utaona mkia wa dagaa umechungulia, au atamtapika ndani ya mashua. Hapo umepewa jibu la ukubwa na la rangi ya chambo bila kubahatisha.

Ziwa letu halina shedi. Habari za hori zinatuhusu?

Kidogo tu. Kwenye maziwa ya asili, besi anategemea samaki wadogo wanaojificha kwenye magugu, kama jamii ya sanfishi na pechi wadogo, pamoja na kambamti wa maji yasiyo na chumvi. Hapo kinachoongoza mpito ni magugu yenyewe. Yale ya maji mafupi hufa kwanza, na yanapooza hunyonya oksijeni ya pale na kuwaacha samaki wadogo bila maficho. Wanasogea kwenye magugu yaliyobaki mabichi, ambayo kwa kawaida yako kwenye ukingo wa nje, penye kina cha mita mbili hadi tano. Kadiri siku zinavyokwenda mabaka hayo ya kijani yanapungua, na kila yanavyopungua samaki wanazidi kurundikana katika yaliyobaki. Baka moja dogo lenye uhai mwezi wa mwisho wa vuli linaweza kuwa na samaki kuliko ufuko mzima.

Nitatofautishaje gugu bichi na linalokufa, ikiwa yote yako chini ya maji?

Lishike. Rusha ndoana nzito, ivute taratibu mpaka inase, kisha inyakue kwa nguvu na ulete ulichokamata. Gugu zima ni kijani, linakatika kwa mlio ukilikunja, na ukilinusa lina harufu ya majani. Linalokufa ni la kahawia au jeusi, linateleza mkononi, linakatika bila sauti na linanuka matope. Hata kwenye ufito utaihisi tofauti: kwenye gugu bichi chambo kinanasa na kuchomoka kwa kishindo, kwenye bovu kinanasa na kuburuza uzito mlegevu. Mchomoko ule wa ghafla, kwa njia, ndio mara nyingi unaomfanya besi avamie.

Nitumie chambo gani?

Fikiria ukubwa kwanza. Dagaa wa mwaka huo wakati huu wana sentimita 5 hadi 8 hivi, na besi aliyezoea kumeza wa kimo hicho anaweza kulipuuza jitu la sentimita 15 lililopita mbele yake. Kuna siku kubwa hushinda, hasa mwishoni mwa vuli, lakini ukiwa hujui, punguza.

Maji yakiwa juu ya nyuzi 18, chambo cha juu ya maji kinafanya kazi muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, si alfajiri tu bali mpaka mchana siku ya mawingu. Kinachotembea kwa kuyumba kulia na kushoto ndicho ningekipa nafasi ya kwanza penye makundi ya dagaa.

Kati ya nyuzi 21 na 13 ni wakati wa vyambo vya kutafutia, yaani vile unavyovirusha na kuvivuta haraka ili upite eneo kubwa. Spinabeti, ile yenye waya na vibati vinavyozunguka, hupendeza kwenye upepo na maji yenye ukungu kidogo. Krankibeti fupi, yaani samaki bandia mwenye ulimi wa mraba unaomzamisha mita moja na nusu hivi, ni ya kugonganishwa na magogo na mawe; ikipita bila kugusa kitu umeipoteza nusu ya nguvu yake. Yule asiye na ulimi, mwenye gololi tumboni, hufika mbali na anafaa sana juu ya magugu yaliyolala.

Samaki wakiwa pale lakini hawavamii, chukua jigi, ile ndoana yenye kichwa cha risasi na sketi ya nyuzi, au mnyoo wa plastiki wenye chubwi dogo, ukivute polepole chini. Wavuvi wengi huona haya kupunguza mwendo vuli kwa kuwa wameambiwa ni majira ya kasi. Siku baada ya baridi ya ghafla, mwendo wa pole ndio unaookoa safari.

Rangi je?

Maji meupe: rangi ya fedha, nyeupe, kijivu. Maji yaliyochafuka: nyeupe iliyokolea, njano-kijani, au nyeusi. Penye kambamti: kahawia na chungwa. Nisingetumia muda zaidi ya huo kwenye rangi; kina na mwendo vina uzito mkubwa zaidi.

Besi wanaruka juu mbele yangu wakila dagaa, lakini chambo changu hawakigusi. Kwa nini?

Hili ni swali la uchungu, na sababu huwa moja kati ya tatu.

Ya kwanza ni ukubwa. Wakati mwingine dagaa wanaoliwa ni wa sentimita 3 tu, na besi wamejifunga kwenye kimo hicho. Tafuta kijisamaki cha plastiki kidogo kwenye jigi nyepesi, au kijiko cha chuma chembamba kinachorushika mbali.

Ya pili ni wingi. Chambo chako kimoja kiko katikati ya dagaa elfu, hakina sababu ya kuchaguliwa. Kipitishe chini ya kundi badala ya kukipitisha ndani yake, au kiache kizame kikiyumba kama dagaa aliyejeruhiwa. Besi wakubwa mara nyingi hawaruki kabisa. Wanasubiri chini vinavyodondoka.

Ya tatu ni wewe kuwakaribia mno. Kundi linaloruka huzama mara tu mashua inapolipanda. Zima injini mapema, simama umbali wa mrusho mrefu, rusha kupita pale walipo na uvute kuja kwako. Wakizama, usiwakimbize. Subiri na chambo mkononi. Mara nyingi hupanda tena hatua chache tu kutoka pale.

Saa gani ni bora?

Mwanzoni mwa vuli, alfajiri na jioni bado zina nguvu, kwa kuwa mchana ni wa moto. Kadiri maji yanavyopoa, saa nzuri husogea kuelekea mchana. Yakiwa nyuzi 13 au 12, saa sita hadi saa kumi jioni hushinda alfajiri, hasa kwenye ufuko wa mawe unaopigwa na jua la alasiri. Nyuzi moja tu ya joto zaidi kwenye kona ya hori inaweza kuwavuta dagaa wote wa eneo hilo. Kwa hiyo lala kidogo, kunywa chai yako, nenda jua likiwa limeshika.

Hali ya hewa inabadilika kila siku. Niende siku gani?

Ukipewa uchaguzi, nenda siku moja kabla ya baridi kuingia, pale mawingu yanapokusanyika, upepo unapoanza kuvuma na kanieneo ya hewa inashuka. Upepo husukuma vijimea kwenye ufuko mmoja, dagaa hufuata, na mawimbi huvunja mwanga hivi kwamba besi anawinda bila woga. Watu hukimbilia upande uliotulia ili warushe kwa raha. Upande wa mawimbi, maadamu ni salama, ndiko kwenye samaki.

Siku ya pili au ya tatu baada ya baridi kupita ndiyo ngumu: mbingu buluu, hewa kavu, maji yametulia tuli. Samaki hawajaondoka, wamejibana. Watafute ndani ya kivuli cha gogo, chini ya gati, au kwenye sehemu nene ya gugu, na uwape chambo kidogo cha pole pale pale puani.

Besi wa mdomo mdogo naye hufanya hivyo hivyo?

Wanafanana kwa kuwafuata dagaa, wanatofautiana kwa makazi. Wa mdomo mdogo anapenda mawe, changarawe na maji safi, na baridi haimsumbui sana. Wakati mwenzake wa mdomo mkubwa ameanza kupooza, yeye bado anapiga kwa nguvu kwenye nyuzi 12 au 10, akijikusanya kwenye rasi ndefu za mawe zinazotumbukia kwenye kilindi. Ukikamata mmoja hapo, rudisha chambo mara moja pale pale, kwa sababu vuli huwa hayuko peke yake. Samaki bandia mwembamba wa kuvutwa kwa mishtuko na kuachwa asimame kidogo humfaa sana.

Sina mashua. Navua nikiwa ufukoni tu.

Vuli ni majira yako, kwa kuwa samaki wengi hujileta kwenye maji mafupi. Tafuta mahali ambapo hori inabanwa, kama chini ya daraja au penye bomba linalopitisha maji chini ya barabara: dagaa wote wanaoingia na kutoka hupita hapo. Rusha sambamba na ufuko, si moja kwa moja kwenda katikati. Besi anayewinda jioni huwa mita mbili tatu kutoka ukingoni. Tembea kwa hatua nyepesi, na urushe mrusho wa kwanza ukiwa bado umesimama mbali na maji.

Sona ni lazima?

Si lazima. Inasaidia zaidi mwishoni mwa vuli, samaki wanapozama. Kama fedha zinatosha kitu kimoja, nunua kipimajoto cha maji kwanza.

Mshipi na ufito wa aina gani?

Kwa vyambo vya kuvuta haraka, mshipi wa fluorokaboni wenye nguvu ya kilo 5 hadi 7 na ufito unaopinda kiasi, ili samaki asichanike mdomo akivamia kwa kasi. Kwa chambo cha juu ya maji tumia nailoni au wa kusuka, kwa kuwa fluorokaboni huzama na kuvuta pua ya chambo chini. Kwenye magugu mazito, wa kusuka wenye nguvu, na rili isiyolegea.

Maji yameshuka chini ya nyuzi 10. Nifunge msimu?

Hiari yako, lakini samaki wapo. Wamekusanyika kwenye miteremko mikali inayotumbukia kwenye kina, wanakula mara chache na kwa muda mfupi. Shedi wa aina ya thredfini hudhoofika na kuanza kufa maji yakikaribia nyuzi 5, na besi hukaa chini yao wakisubiri wanaodondoka. Hapo kijiko cha chuma kinachoshushwa wima, au jigi isiyosogezwa karibu kabisa, ndiyo dawa. Mdonyoo wenyewe huwa ni uzito tu ulioongezeka kwenye mshipi. Ukiuhisi, vuta.

Nikitaka kumwachia samaki akiwa hai, nizingatie nini?

Lowesha mikono kabla ya kumshika, kwa kuwa utelezi wa ngozi yake ndio kinga yake dhidi ya maradhi. Samaki mkubwa mshike kwa mikono miwili, tumbo likiwa limeegemezwa. Kumning’iniza kwa taya peke yake humuumiza. Mtoe ndoana akiwa ndani ya maji ukiweza.

Kina ndicho hatari ya mwisho wa vuli. Kibofu cha hewa cha besi hakina njia ya kutolea hewa haraka kupitia kooni. Ukimvuta kutoka mita 10 au zaidi, hewa ile hutanuka, tumbo huvimba na anashindwa kuzama hata ukimwachia mara moja. Anaelea ubavu mpaka anakufa. Mimi naona hivi: kama nia yako ni kuwaachia wote, usivue kilindini hata kidogo. Kama umeamua kuvua huko, wale uliowatoa chini wahesabu kuwa ni wa kula, mradi sheria ya ziwa hilo inaruhusu, na usimame idadi ikitimia. Leseni, vipimo na idadi hutofautiana ziwa hadi ziwa, kwa hiyo soma sheria za pale unapovua kabla ya kufunga ndoana.

Naweza kuhamisha mashua kutoka ziwa moja hadi lingine wiki hiyo hiyo?

Unaweza, lakini ioshe, imwage maji yote na ikauke kwanza. Kipande cha gugu kilichonasa kwenye propela au maji yaliyobaki kwenye tangi yanatosha kupeleka magugu na kome wageni kwenye ziwa ambalo halikuwa nao. Besi hai usimhamishe kamwe. Kwenye maji ambayo si ya asili yake anaweza kuwamaliza samaki wa pale.

Kuna hatari gani ambayo kiangazi haikuwepo?

Maji. Jua linaweza kuwa zuri na hewa nyuzi 20, ukasahau kwamba maji ni nyuzi 12. Mtu akitumbukia kwenye maji chini ya nyuzi 15, mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila yeye kutaka. Pumzi hiyo ikivutwa kichwa kikiwa chini ya maji, inatosha kumzamisha hata muogeleaji hodari. Akivuka dakika ya kwanza, ndani ya dakika kama 10 vidole na mikono huanza kukataa amri, na kupanda mashuani kunakuwa kazi isiyowezekana.

Kwa hiyo koti la kuokolea livaliwe tangu unapoondoka ufukoni, lisiwekwe chini ya kiti. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mwilini kila mashua inapotembea. Nguo kavu ziwe ndani ya mfuko usiopenya maji, na simu nayo. Mwambie mtu wa nyumbani unavua hori ipi na unarudi saa ngapi, maana vuli giza huingia mapema, ukungu wa asubuhi huweza kuficha ufuko ulio mita 50 tu kutoka kwako, na ziwa lililojaa mashua kiangazi linaweza kuwa lako peke yako siku nzima. Ukungu ukikukuta katikati, punguza mwendo uwe wa kutambaa, washa taa, na usubiri utoke kabla ya kuvuka maji makuu.